Tope Bichi la Kisima

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Doonside, Léocadie aliondoa vikombe mezani, akaifuta meza kwa kitambaa chenye sabuni, kisha akaweka juu yake kipimo cha korona alichopewa shuleni. Ulikuwa mwezi wa Februari, mwaka 2022. Shule za Sydney zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwanafunzi alitakiwa kujipima mara mbili kwa wiki kabla ya kutoka nyumbani. Aliyeona mstari mmoja alikwenda darasani. Aliyeona mistari miwili alibaki.

Léocadie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ndio kwanza alikuwa ameanza sekondari. Mama yake, Généreuse, alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mara nyingi alirudi wakati binti yake yuko njiani kwenda shule. Kwa hiyo asubuhi jikoni walikuwa wawili tu, Léocadie na Bibi Nsimire. Bibi hakujua Kiingereza, na zile herufi ndogo za kwenye boksi zilimshinda hata kuzitazama. Kusoma maelekezo, kuhesabu matone na kungoja dakika kumi na tano ilikuwa kazi ya Léocadie peke yake. Bibi alisimama mlangoni, hatua tatu nyuma kama alivyoagizwa, mkono mmoja kiunoni.

"Mistari ngapi?" aliuliza kila mara.

"Iko moja, Bibi."

"Bon, ni vizuri. Leo tunakula pamoja."

Hapo ndipo Bibi alipovuka zile hatua tatu, akaja kumfunga mjukuu wake nywele kabla ya shule.

Jambo la kula pamoja lilikuwa kubwa katika nyumba ile. Kwao Bibi, kule Kivu, mashariki mwa Kongo, watu wa nyumba moja hula sahani moja. Korona ilipopamba moto mwaka uliotangulia, mama aliamuru kila mtu awe na sahani yake na kijiko chake. Bibi alitii, lakini chakula hakikumpendeza. Alisema wanakula kama watu waliogombana. Vipimo vya shule vilipokuja, wakapatana hivi: siku ya kupima, ukionekana mstari mmoja, jioni ile sahani kubwa yenye maua ya buluu inatoka kabatini, nao wanakula bugali, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono, na Bibi ndiye anayemega tonge la kwanza na kumpa Léocadie.

Mama alikubali kwa sharti moja. Mapafu ya Bibi yalikuwa yamechoka kwa moshi wa kuni, miaka kumi na sita ya kupika ndani ya kibanda cha kambi ya wakimbizi. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ugonjwa huu ukiingia katika nyumba hii, ajulishwe siku ileile, kwa sababu dawa ya kumsaidia mtu kama Bibi hufaa ikianzwa mapema. Ikichelewa, haisaidii sana.

"Umesikia, Léo?" mama alimwambia siku ile wakitoka kwa daktari. "Macho ya Bibi ni wewe."

Léocadie alijibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida yake, kwamba amesikia.

*

Katika juma la pili la masomo, mwalimu wa historia aliwagawa wanafunzi wawili wawili, kila jozi ikapewa swali moja la kuchunguza na kulieleza mbele ya darasa. Léocadie alipangwa na Joyceline, binti wa Kitanzania aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao. Swali lao lilikuwa hili: watu wa kale walijuaje hatari za kuvuka majangwa makubwa?

Baba yake Joyceline, Ulimboka, alikuwa amefundisha historia huko Tukuyu kabla ya kuhamia Australia. Siku hizi alifanya kazi ghalani, akipakia maboksi, lakini mtaani Waafrika wote walimwita Mwalimu, na aliitika. Jioni ile mvua ilikuwa ikinyesha bila kukoma, kama ilivyonyesha karibu mwezi mzima, nao watatu walikaa barazani kwake, viti vikiwa mbalimbali, wakizungumza habari za kiu.

Mwalimu aliwaambia kwamba jangwa halikufundisha watu kwa upole. Watu wa kwanza walidhani njia waliyopita jana wataiona na kesho, kumbe upepo hufuta nyayo usiku mmoja. Waliona maji yanametameta mbele wakayakimbilia, na kumbe ni mazigazi, hewa ya moto inayodanganya macho. Walitembea mchana wakaanguka, ndipo wakajua kutembea usiku kwa kufuata nyota. Penye mifupa ya ngamia na ya watu, waliofuata walijua hapa pana jambo, wakapanga mawe kuwa alama. Hata katika nchi hii, alisema, wenyeji wake wa kwanza wamejua majangwa kwa maelfu ya miaka, na mzee alimfundisha mtoto njia kutoka dimbwi hadi dimbwi mpaka mtoto aijue kwa moyo.

"Kwa hiyo walijifunza kwa kufa," alisema Joyceline.

Mwalimu alitikisa kichwa. Aliyekufa jangwani hakumfundisha mtu, alisema, mpaka apatikane mmoja wa kurudi na kueleza. Kisha akawapa hadithi aliyoisikia kwa mwalimu wake mwenyewe. Aliwaonya waiandike kama hadithi, si kama jambo lililothibitishwa, maana yeye hakuwahi kuiona kitabuni.

Palikuwa na msafara mkubwa wenye ngamia mia moja. Mbele yao alitumwa kijana mmoja, mtu wa mbele, aende mpaka kisima kinachofuata atazame kama kina maji. Kijana alikwenda siku moja, jua likamchoma, akaogopa. Alijua kile kisima hakijawahi kukauka. Basi alijibanza kivulini hadi jioni, akarudi akasema maji yapo. Msafara ukamwaga maji ya akiba ili kupunguza mzigo, ukaenda. Kisima kilikuwa kikavu kama jiko la juzi. Wachache walionusurika waliweka sheria. Tangu siku ile, mtu wa mbele hakuaminiwa kwa kinywa chake. Alitakiwa kurudi na tope bichi la kisima, limefungwa katika kitambaa, wote waliguse.

"Walimwona mwongo kila mtu?" aliuliza Léocadie.

"Hapana," alijibu Mwalimu. "Walijua tu kwamba mtu akiogopa, ulimi wake hukimbia kabla ya miguu."

Wiki nzima wasichana wale walitengeneza msafara wao kwa makasha ya mayai. Joyceline alimcheka Léocadie kwamba ngamia wake ana sura ya mbuzi aliyenusa Krismasi. Léocadie naye alimwambia kwamba wake hana haja ya kisima, kwa jinsi alivyolowa gundi. Léocadie alijifungia chumbani akasoma hotuba yake mbele ya kioo mara ishirini. Katika shule ile mpya alikuwa hajasema neno mbele ya watu. Nusu ya wanafunzi hawakujua jina lake. Alhamisi, siku ya hotuba, wangelijua.

*

Alhamisi aliamka na koo linakwaruza.

Alikunywa maji ya uvuguvugu, likakwaruza vilevile. Alijiambia ni vumbi. Kisha alikumbuka kwamba kwa mvua ile hapakuwa na vumbi Sydney nzima. Akakaa mezani, kipimo mbele yake, bado kimefungwa. Mikono haikutaka kukifungua. Akiona mistari miwili, Joyceline atasimama peke yake, na yeye atabaki siku saba chumbani, na yule ngamia mwenye sura ya mbuzi atakwenda shuleni bila mwenyewe.

Alifungua bomba la maji, akaliacha litiririke kidogo, akalifunga. Akapeleka mkono chini ya meza, akakitumbukiza kile kipimo katika mfuko wa begi.

Alipoinua macho, Bibi alikuwa amefika mlangoni.

"Mistari ngapi?"

"Iko moja, Bibi."

"Bon," alisema Bibi, akavuka zile hatua tatu. Siku ile alimfunga nywele taratibu kuliko siku zote, kwa sababu mjukuu wake alikuwa anakwenda kusema mbele ya watu. Alizifunga kwa utepe wa njano aliokuwa akiuhifadhi. Pumzi yake yenye mkwaruzo mdogo ilimpita Léocadie sikioni, naye Léocadie alijizuia asipumue.

Darasani mambo yalikwenda vizuri. Wote walivaa barakoa, lakini sauti yake ilisikika hadi nyuma. Alieleza upepo unaofuta nyayo, akaeleza mazigazi, akaeleza nyota. Aliposimulia hadithi ya mtu wa mbele hata wale waliokuwa wanachezea kalamu waliziweka chini. Mwishoni msichana mmoja wa mbele aliinua mkono akauliza kwa nini yule kijana alidanganya, na hali alijua kwamba watu watakufa.

Léocadie alimgeuza ngamia wake mezani. Joyceline alimtazama, akingoja.

"Hakufikiri watakufa," alisema Léocadie. "Alifikiri kisima kina maji. Alidhani uongo wake utakuwa kweli."

Mwalimu wa historia alisema hilo ni jibu zuri sana, wakapigiwa makofi. Joyceline alitaka kumkumbatia. Léocadie alirudi nyuma, akasingizia barakoa yake imelegea. Koo lilikuwa linawaka sasa, na kichwa kilikuwa kizito. Yale makofi yalimwingia kama mvua inayoingia kiatuni.

Njiani kutoka shuleni alitembea nyuma ya Joyceline, mbali kidogo.

*

Aliikuta sahani yenye maua ya buluu mezani. Bugali ilikuwa inatoa mvuke, sombe kando, na dagaa wachache wa kukaanga kwa ajili ya sherehe. Mama alikuwa bado amelala, akijiandaa kwa zamu ya usiku. Bibi alikuwa amenawa mikono. Alimuuliza habari za shule huku akimega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya katika sombe, akalinyoosha kuelekea kwake.

Léocadie alisimama mlangoni. Alianza kwa Kiingereza, lakini maneno yale Bibi asingeyaelewa, na kwa nukta moja alitamani yabaki hivyohivyo. Kisha alivaa tena barakoa yake na kuyasema kwa Kiswahili.

"Bibi, usile na mimi. Asubuhi sikujipima. Nilikudanganya. Koo inaniuma tangu nilipoamka."

Bibi alilirudisha lile tonge pembeni mwa sahani. Alimtazama mjukuu wake, na macho yake yakapanda hadi kwenye ule utepe wa njano.

"Hiyo kipimo iko wapi?"

"Kwa begi."

"Leta."

Alijipima palepale, dirisha likiwa wazi na mvua inaingia. Hawakungoja dakika kumi na tano. Mstari wa pili ulitokea mapema, mwekundu, mnene, kama uliokuwa unangoja kuitwa tangu asubuhi.

Mama aliamshwa. Aliketi kitandani, akasikiliza yote, akajifunika uso kwa viganja. Hakuwa na muda wa kukasirika. Alipiga simu kazini kusema hatakuja, kisha akampigia daktari, akamweleza habari za Bibi na saa ambayo Bibi alimfunga mtoto nywele. Alipomaliza alimpa Léocadie simu.

"Sasa kwa akina Joyceline. Uliyekwenda mbele ni wewe. Wewe ndiye utakayewaambia."

Mwalimu Ulimboka ndiye aliyepokea. Léocadie alisema yote bila kupumzika.

"Asubuhi umefanya vibaya," alisema Mwalimu. "Sasa umefanya vizuri. Usiache moja likafuta jingine. Nitawaarifu shuleni, na mama yako aarifu pia."

Kisha simu ikanyakuliwa. "Kumbe ulisimama pale unatuhutubia habari za tope," alisema Joyceline, "na tope lenyewe huna." Akakata.

*

Nyumba ikagawanyika. Léocadie alikaa chumbani kwake, Bibi chumbani kwake, na mama akawa anaacha sahani milangoni, sahani mbili ndogo zisizo na maua. Joyceline alijipima siku tatu mfululizo, akawa salama. Wazazi wake nao walikuwa salama.

Bibi hakuwa salama. Siku ya tatu alianza kukohoa, na kipimo chake kikaonyesha mistari miwili. Daktari alikuwa tayari anangoja habari zake, na dawa ilianzwa siku ileile. Hata hivyo usiku wake ulikuwa mgumu, na asubuhi gari la wagonjwa lilikuja. Kupitia dirishani Léocadie alimwona Bibi akishikwa mikono na watu wawili waliojifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, kitenge chake kimeloa mvua begani. Hakuinua kichwa. Léocadie aliweka kiganja juu ya kioo, akabaki hivyo hata baada ya gari kuondoka.

Kwa siku mbili Bibi hakuweza kuzungumza kwa sababu ya kikohozi. Mama alikuwa akisimama sebuleni na simu, akisema ndiyo, ndiyo, asante. Léocadie alisikiliza nyuma ya mlango, akijaribu kujua kutokana na hizo ndiyo kama Bibi yuko hai. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa.

Siku ya tatu Bibi mwenyewe aliomba aongee naye. Sauti yake ilikuja nyembamba, na kati ya maneno ilisikika hewa ikivutwa.

"Léo, uko unakula?"

"Nakula, Bibi." Kisha alishindwa kujizuia. "Bibi, nisamehe. Ni mimi."

"Ni wewe," alisema Bibi. "Sasa nyamaza, nikuambie kitu."

Akamwambia. Walipokimbia vita, wakishuka milima ya Fizi, huko Kivu, kwenda ziwani, walikuwa watu zaidi ya arobaini, na walitembea usiku. Nao walikuwa na mtu wa mbele, kijana mwema. Jioni moja walimtuma kutazama daraja la miti juu ya mto, maana mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani. Aliogopa giza, akaishia katikati ya njia, akarudi akasema daraja liko imara. Honorine, dada yake Bibi, ndiye aliyetangulia. Miti ilikuwa imeoza kwa mafuriko. Ilikatika.

Léocadie hakuwahi kusikia jina hilo likitajwa pamoja na mto. Alijua tu kwamba Bibi alikuwa na dada aliyefia njiani.

"Mulimfanya nini?" aliuliza.

"Sisi hatukumfanya kitu. Nguvu hatukuwa nayo. Yeye alijipa azabu mwenyewe." Bibi alivuta hewa. "Nyuma yetu walikuwa wanakuja watu wengine, vijiji kwa vijiji. Kijana alikataa kuondoka. Alikaa pale mtoni siku mbili, akizuia kila mtu. Anawaambia: Musipite hapa. Mimi niliwadanganya wenzenu, na mtu amekufa. Hakusema tu kwamba daraja mubaya. Alisema na kosa lake, ndiyo maana waliamini. Watoto wengi wamepona kwa sababu ya aibu yake."

Kikohozi kikamshika. Kilipotulia alisema, "Wewe ungeweza kula lile tonge, Léo. Ungekula na kunyamaza. Hiyo dawa ningeipata lini?"

*

Bibi alirudi nyumbani baada ya siku sita. Alikuwa amepungua, na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake alipumzika mara mbili. Mwalimu Ulimboka na Joyceline walisimama nje ya uzio kumpokea, na Joyceline alipitisha juu ya uzio yule ngamia wa kasha la mayai. Mwalimu wao wa historia alikuwa amemfunga shingoni karatasi yenye alama zao.

"Chukua mbuzi wako," Joyceline alimwambia Léocadie. Mwaka ule hakumwambia neno jema kuliko hilo.

Léocadie aliamini kwamba sahani yenye maua ya buluu haitatoka tena kabatini. Hakuuliza. Juma lililofuata, daktari aliporidhika, akarudi kwenye utaratibu wa zamani: akaondoa vikombe, akaifuta meza, akahesabu matone. Bibi aliletewa kiti mlangoni, hatua tatu nyuma. Dakika kumi na tano zilipita. Léocadie alingoja lile swali la mistari mingapi. Halikuja.

"Leta tope," alisema Bibi.

Kumbe Mwalimu alikuwa amemsimulia ile hadithi ya kisima. Léocadie alikiweka kipimo katika kisahani cheupe, bado kina unyevu, akakibeba kwa mikono miwili hadi pale mlangoni. Bibi alivaa miwani yake, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Herufi hakuzijua, lakini mstari mmoja aliujua.

"Vizuri," alisema. "Kuanzia leo, tope linafika hapa. Yako, ya mama yako, na yangu pia. Usifikiri ni kwa sababu sikuamini, mama. Hata mimi siku moja nitaogopa."

Kisha akaondoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi ya nyumba moja hayamuumbui peke yake yule anayeyaficha. Yanawaua na walio nyuma yake. Mtoto wangu, kila safari ina mtu wa kwenda mbele. Akikuta kisima kikavu, si kosa lake. Aseme tu ni kikavu. Na kama aliogopa asifike, aseme hivyo pia, hata kwa kuchelewa, hata kwa machozi. Watu hawakulijua jangwa kwa sababu ya mashujaa. Walilijua kwa sababu ya wale waliorudi na kusema ukweli."

Jioni ile, mvua ilipokuwa imepumzika, Bibi alimtuma Léocadie kabatini. Alileta ile sahani kubwa, akaiosha mara mbili ingawa ilikuwa safi. Mama alisonga bugali. Walipokwisha kunawa, Bibi alimega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalichovya, akalinyoosha. Léocadie aliushika mkono wake kwa chini ili usichoke, akala.